Mkono Ndani ya Gunia

Mama yangu ameuza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kwa zaidi ya miaka 30, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumwona akinunua gunia kwa kulitazama mdomoni. Dagaa wa juu huwa wazuri siku zote. Wanang'aa kama fedha na wamenyooka, kwa sababu aliyelifunga gunia anajua kwamba macho ya mnunuzi yataanzia hapo. Mama hukunja mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko, akaupenyeza mkono polepole mpaka katikati ya gunia, akatulia kidogo kana kwamba anasikiliza, kisha akautoa na konzi iliyojaa. Huwatandaza dagaa hao juu ya kanga, akawanusa, akamvunja mmoja aone kama atakatika kwa mlio wa kitu kilichokauka ama atajipinda, akawasugua wengine kati ya viganja ili ajue ni mchanga kiasi gani utakaodondoka. Walionyeshewa na mvua wakiwa wameanikwa huwa wamegeuka rangi na wana harufu ambayo haifichiki. Waliokaushwa juu ya chanja hawana mchanga, na bei yao ni nyingine. Akishamaliza yote hayo ndipo huuliza, "Shilingi ngapi?" Sijawahi kumsikia muuzaji yeyote akilalamika kwamba kwa kuingiza mkono ndani ya gunia lake Mama amemtukana.

Ninaanza na gunia kwa sababu mwaka 2017 mimi, bintiye niliyekua nikibeba ndoo na ungo nyuma yake, nilimpelekea mama yangu huyo neno ambalo sikuwa nimelipima, naye akalipokea bila kulipima kwa kuwa lililetwa na mimi.

Mwaka huo palikuwa na mkutano wa injili wa siku saba katika kiwanja kimoja cha wazi, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka nyumbani kwetu. Mhubiri alikuwa mgeni. Jina lake na la huduma yake sitayaandika, kwa sababu ninalotaka kulisema linanihusu mimi kuliko linavyomhusu yeye. Usiku wa tatu alivinyamazisha vyombo vya muziki, akafumba macho, akasema kwamba yumo binti mkutanoni ambaye mama yake anasumbuliwa na presha, na kwamba kila asubuhi kichwa humuuma upande wa kulia. Nilisimama nikilia. Lilikuwa neno la kweli, hata upande wa kichwa ulikuwa sahihi. Zilipita wiki nyingi ndipo nikakumbuka kwamba usiku wa kwanza, pale mlangoni pa turubai, nilipewa karatasi ya mahitaji ya maombi, nami nikaijaza kwa kalamu yangu mwenyewe: nikaandika presha, nikaandika asubuhi, nikaandika upande wa kulia. Sisemi kwamba aliisoma. Ninachosema ni kwamba jambo lililotokea siku mbili tu nyuma lilikuwa limefutika kichwani mwangu, kwa kuwa moyo wangu haukutaka kulikumbuka.

Aliniambia kwamba mama amepona tangu saa ile. Kisha akanipa maagizo matatu. Kwanza, nitoe sadaka ya kuukamilisha uponyaji kabla jua la kesho halijazama. Pili, mama aache vidonge, kwa maana kuendelea kuvimeza ni kumwambia Mungu kwamba hatumwamini. Tatu, tusimweleze mtu yeyote, hata mchungaji wetu, mpaka siku 40 zipite, kwa sababu midomo ya watu huua muujiza. Nilitoa shilingi 300,000, fedha niliyokuwa nimeidunduliza kwa ajili ya ada ya chuo. Mama alizipokea habari hizo akiwa anachambua dagaa barazani. Alinitazama kwa muda, akauliza swali moja tu: "Una hakika, mwanangu?" Nikamjibu kwamba ninayo. Jioni hiyo hakumeza kidonge.

Kwa wiki tano alijisikia vizuri, na kila asubuhi niliyomwona akitoka na kanga yake mabegani kwenda Mwaloni niliihesabu kuwa ushuhuda. Siku ya 36, alfajiri, alianguka kando ya ndoo ya maji. Nilipomfikia mdomo ulikuwa umepinda na mkono wa kulia umelegea kama si wake. Tulimpandisha hospitali ya Bugando. Mungu alimwachilia uhai, lakini mkono ule haukurudi ulivyokuwa.

Presha ya kupanda haina uchungu wa kuitangaza. Wengi walio nayo hawasikii lolote mpaka siku mshipa wa damu unapoziba au kupasuka kichwani. Vidonge huishusha kwa muda vinapomezwa, na vikiachwa hurudi juu kimyakimya, ndiyo maana hupimwa kwa mashine na haipimwi kwa kuulizwa mtu anajisikiaje. Nasi kwa wiki tano tulikuwa tukiupima uponyaji wa Mama kwa jinsi alivyojisikia. Laiti ningempeleka zahanati siku ya pili tu, mkanda ukafungwa mkononi mwake, tungejua. Sikumpeleka kwa sababu nilifundishwa, nami nikakubali, kwamba kupima ni kutokuamini. Ni baadaye sana nilipoisoma upya habari ya yule mwenye ukoma katika Marko 1, ambaye Bwana alimtakasa kisha akamwagiza aende akajionyeshe kwa kuhani. Kuhani katika Sheria ya Musa alikuwa na kazi ya kuichunguza ngozi, jambo kwa jambo, kama ilivyoandikwa katika Walawi 13 na 14, na kutamka kama mtu amekuwa safi. Yesu hakuona kwamba uchunguzi huo unaupunguzia muujiza wake heshima. Alimtuma mtu wake apimwe.

Miezi kadhaa baada ya hospitali nilimwuliza Mama kwa nini alikubali, yeye ambaye hajawahi kununua hata kopo la dagaa bila kunusa. Wakati huo maneno yalikuwa bado yanamtoka kwa shida. Alisema, "Yule mtu sikumwamini. Hata uso wake sikuuona. Nilikuamini wewe."

Tangu hapo somo la kuzijaribu roho, yaani kupima kama neno linaloitwa la Mungu limetoka kwake kweli, halijawa kwangu somo la darasani. Nimelisoma kama mtu anayetafuta mahali palipovuja ndani ya mtumbwi akiwa majini.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba lugha yetu imelibebesha neno "jaribu" mizigo mingi. Mwanzo 22 inasema Mungu alimjaribu Ibrahimu; Yakobo anasema Mungu hamjaribu mtu; Yesu anamwambia Ibilisi, "Usimjaribu Bwana Mungu wako"; katika Malaki Bwana mwenyewe anasema, "mkanijaribu kwa njia hiyo"; na Yohana katika waraka wake wa kwanza anaagiza tusiiamini kila roho, "bali zijaribuni hizo roho". Msomaji anayeyakuta yote haya katika neno moja ana haki ya kuchanganyikiwa, na katika mchanganyiko huo mtu mwenye haraka hupata pa kupitia. Agano Jipya la Kigiriki lina maneno mawili. La kwanza, peirazo, laweza kuwa mtihani au kishawishi, kutegemea anayejaribu ni nani na ana nia gani. La pili, dokimazo, hutumika pia kwa kupima madini na sarafu, yaani kukipima kitu ili kilicho halisi kithibitike kuwa halisi. Yohana anapoagiza kuzijaribu roho, na Paulo anapowaandikia Wathesalonike wajaribu mambo yote, neno ni hilo la pili. Katika 2 Wakorintho 13:5 Paulo anayatumia yote mawili kwa kufuatana, na wale waliotafsiri Biblia ya mwaka 1952 waliyatenganisha vizuri: kwanza "jijaribuni wenyewe", kisha "jithibitisheni wenyewe".

Kwetu huku Kanda ya Ziwa, ambako ukivuka kwenda Geita unakuta watu wanaoishi kwa dhahabu, neno la Petro kwamba imani hujaribiwa kama dhahabu ijaribiwavyo kwa moto halihitaji mhadhara. Mchimbaji mdogo akishaisaga miamba na kuiosha, huikamata dhahabu kwa zebaki, kisha huuchoma mchanganyiko huo, zebaki ikatoka kwa moshi ambao ni sumu kwa anayeuvuta, na kinachobaki ndicho kinachopelekwa kwa mnunuzi. Hakuna aliyewahi kusema kwamba mtu huyo anaichoma dhahabu kwa kuwa haiamini.

Basi nikalirudia lile andiko la Malaki 3:10, kwa sababu ndilo lililosomwa usiku ule kabla ya vikapu kupitishwa. Mhubiri alisema ni mahali ambapo Mungu ametupa ruhusa ya kumjaribu kwa fedha. Lakini sura yenyewe inazungumza na taifa lililozuia zaka, zikakosekana ghalani, na zaka hiyo kwa Sheria ilikuwa chakula cha Mlawi, na katika mwaka wa tatu cha mgeni, yatima na mjane pia. Mungu anawaita warudishe walichokizuia, akiahidi kwamba kurudi kwao hakutawafanya maskini. Sikuona humo bei ya uponyaji wa mtu mmoja, wala muda wa mwisho wa jua kuzama. Ningeweza kuliona hilo usiku uleule kwa kusoma mistari michache ya juu na ya chini. Watu wa Beroya walimsikia Paulo mwenyewe, mtume, na bado wakayachunguza maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo, na Luka katika Matendo 17 anawaita waungwana kwa ajili hiyo.

Hata hivyo sitakuwa mkweli nikiishia hapo, kana kwamba tatizo langu lilikuwa kutosoma mistari ya jirani. Nilikuwa nimelelewa na Biblia, na mistari hiyo niliijua. Nilijua pia Kumbukumbu la Torati 13, inayosema kwamba nabii anaweza kutoa ishara na ishara ikatokea kweli, na bado asisikilizwe, kama anawavuta watu wamwache Bwana. Kutimia kwa ishara kumbe hakutoshi. Lakini mtu anayetaka jambo kwa moyo wake wote huijua mistari kama anavyozijua namba za simu za watu asiotaka kuwapigia. Nilitaka mama yangu apone. Nilichoka kumwona akishika kichwa asubuhi, nilichoka kuhesabu vidonge, na palipotokea mtu wa kuniambia nilichokitaka, sikumpima yeye wala sikuipima ile hamu.

Ndiyo maana sura ninayoirudia kuliko zote siku hizi ni Yeremia 28. Hanania wa Gibeoni anasimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, na kutangaza kwamba ndani ya miaka miwili Bwana atavirudisha vyombo vya hekalu vilivyochukuliwa Babeli, pamoja na mateka wote. Yeremia yupo hapohapo na nira shingoni, kwa kuwa ujumbe aliopewa yeye ni wa utumwa mrefu, na katika sura inayofuata atawaandikia mateka kwamba ni miaka 70. Jibu lake la kwanza ni "Amina." Anasema Bwana na atende hivyo. Nabii wa kweli anakiri mbele ya watu kwamba angependa neno la mwenzake liwe la kweli, kwa sababu naye analipenda taifa lake na angefurahi kuwaona watu wakirudi nyumbani. Kisha anaongeza kwamba nabii anayetabiri amani hujulikana neno lake linapotokea. Hanania anaitwaa ile nira shingoni mwake na kuivunja mbele ya watu, kitendo cha kupendeza macho kuliko hotuba yoyote. Na Yeremia, Biblia inasema, akaenda zake.

Nimekaa sana na maneno hayo mawili, akaenda zake. Hakujibu papo hapo. Hakuwa na neno, na hakulitunga. Ni baada ya hapo ndipo neno la Bwana lilipomjia, akarudi na ujumbe mzito. Mtu huyu alikuwa na hamu moja upande huu na alilosikia kwa Mungu upande ule, akaweza kuzitofautisha sauti hizo mbili ingawa zote zilikuwa ndani yake. Huko ndiko kupambanua ninakokuhitaji mimi. Mwaka 2023, habari za msitu wa Shakahola kule Kilifi, Kenya, zilipotufikia, na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa, mingi ya watu waliofunga chakula hadi kufa wakiamini kwamba wanakwenda kukutana na Yesu, watu wengi niliowasikia kwenye daladala walisema waliokufa walikuwa wajinga. Nilishindwa kuitikia. Najua jinsi mtu anavyoweza kumtaka Mungu, au kumtaka apewe kitu na Mungu, kwa nguvu inayoyafumba macho yenye akili kabisa.

Usiku usio na mbalamwezi, ukipanda mlima wa Bwiru na kutazama ziwani, utaona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa majini kama mji mwingine uliojengwa ng'ambo. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za umeme wa jua. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hupumzika, kwa kuwa dagaa wanaona mwanga kila mahali na hawaifuati taa. Kukiwa na giza, taa huwashwa, dagaa hupanda kutoka chini wakiizunguka kwa maelfu, na wavu huwafunga kutoka chini yao. Nimeyaona haya tangu utotoni bila kuyafikiria. Baada ya kiharusi cha Mama nilisoma 2 Wakorintho 11:14, kwamba Shetani mwenyewe hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru, nikazikumbuka zile taa. Nilipokuwa nimesimama mkutanoni nikilia kwa furaha, ule mwanga niliouona ulikuwa mwanga kweli. Sikuuliza nani anaushika, wala wavu uko wapi.

Wakristo wa mwanzo hawakuona aibu kuwa na vipimo vya wazi kabisa kwa mambo haya. Lipo andiko la kale liitwalo Didake, ambalo wataalamu wengi huliweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, na ambalo nakala yake ya Kigiriki iligunduliwa Konstantinopoli mwaka 1873. Linaagiza kwamba mtume anayepita apokewe kama Bwana mwenyewe, akae siku moja, na ya pili ikibidi. Akikaa siku tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha atakapolala. Akiomba fedha ni nabii wa uongo. Na anayesema kwa roho, "Nipeni fedha," asisikilizwe, lakini akiomba kwa ajili ya wengine wenye uhitaji, mtu asimhukumu. Ninaupenda ukali huo kwa sababu ya ule mlango wa mwisho ulioachwa wazi. Naona walioandika hivyo walikuwa watu waliokwisha kudanganywa, na bado hawakuacha kuwapokea wageni.

Kuhusu lile agizo la siri nilifundishwa na mwalimu mwenzangu aliye Mkatoliki. Sisi kwetu si Wakatoliki, na jina la Inyasi wa Loyola nilikuwa nikiliona tu kwenye kuta za shule. Alinieleza kwamba mtu huyu alikuwa askari, akavunjwa mguu kwa mzinga vitani Pamplona mwaka 1521, na akiwa kitandani akaanza kuyachunguza mawazo yake: yale ya fahari ya vita yalimfurahisha kisha yakamwacha mkavu, yale ya kumfuata Kristo yalimwachia furaha iliyobaki hata baada ya mawazo yenyewe kupita. Katika kanuni alizokuja kuandika, anamfananisha adui wa roho na mwanamume laghai anayemtongoza binti wa watu au mke wa mtu. Anachokitaka kuliko vyote ni maneno yake yabaki siri, kwa sababu yakimfikia baba au mume, hila yake imekwisha. Nilipoelezwa hivyo tulikuwa tumekaa chini ya mwembe wa shule, wakati wa mapumziko, na nilishindwa kuimaliza chai yangu. Siku 40 za kutomwambia hata mchungaji. Mchungaji wetu ana mke muuguzi. Angeuliza kuhusu vidonge katika sentensi ya pili.

Ningependa kuandika kwamba baada ya kuyajua hayo nilikuwa mtu mwenye kupambanua. Haikuwa hivyo. Kwa karibu miaka mitatu nilikuwa mtu wa kunusa tu. Mtu akisema "Bwana amenionyesha," nilihisi harufu. Ushuhuda ukitolewa kanisani, nilitafuta wapi umepindishwa. Niliacha kikundi cha maombi cha Jumatano, nikajiambia kwamba ninalinda kweli, na watu wengine walinisifu kwa kuwa makini. Lakini tazama mpangilio wa Paulo katika 1 Wathesalonike 5. Kabla ya kusema jaribuni mambo yote, anasema, "Msimzimishe Roho; msitweze unabii." Na baada ya kusema jaribuni, anasema, "lishikeni lililo jema." Mimi nilikuwa nimelishika neno la katikati peke yake. Mama angekuwa anaingiza mkono katika kila gunia la Mwaloni na kurudi nyumbani bila kitu, tungekufa njaa.

Aliyenitoa huko ni mama mmoja mzee wa kanisani kwetu, mwenyeji wa Bukoba, ambaye sote tunamwita Bibi. Amelelewa katika Uamsho, ule ulioanzia Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 ukavuka hadi Buhaya, ambao watu wake walijulikana kwa kuungama hadharani na kurudisha vitu walivyoiba. Jioni moja alibisha hodi peke yake. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi," akaitikia, akaketi, akanywa maji, akauliza hali ya Mama aliyekuwa amelala chumba cha pili. Ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayerudisha sufuria aliyoazima, "Mjukuu wangu, nimekuwa nikiiombea nyumba hii, na neno linalonirudia ni kwamba hujamwomba mama yako msamaha. Lakini mimi ni mtu, nasikia kwa masikio ya mtu. Lipime. Mwulize mchungaji, mwulize na mwingine unayemwamini. Kaa nalo muda wowote utakao. Ukiona si la Bwana, litupe, na mimi usinionee haya."

Kisha akaomba, akaondoka. Hakutaja fedha wala siku. Hakuniambia nimfiche mtu. Alinituma kwa watu. Paulo anawaambia Wakorintho manabii wanene wawili au watatu, "na wengine wapambanue", na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu aliyelileta neno huku amekwisha kunipa na haki ya kulipambanua.

Nililipima kwa wiki tatu, na kwa mara ya kwanza nililipima pamoja na hamu yangu. Hamu yangu ilikuwa wazi: sikutaka liwe la kweli. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimemlaumu yule mhubiri kwa haki, na lawama ile ilinifaa, kwa kuwa ilinisitiri. Nilimhudumia Mama kwa kila kitu, nilinunua vidonge, nilipika, nilimsindikiza kliniki, lakini kazi ya kumkanda mkono wa kulia kwa mafuta kila jioni, kama tulivyofundishwa hospitali, nilikuwa nimemwachia mdogo wangu. Sikuwa nimewahi kuushika mkono ule tangu siku ya kwanza. Mchungaji alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hana la kuongeza. Mwalimu mwenzangu aliniuliza swali moja: nikiwaza kulitii neno hilo, ninabaki na nini moyoni baada ya hofu kupita? Nikajichunguza, nikaona kwamba chini ya hofu palikuwa pametulia.

Nilimwendea Mama Jumamosi moja baada ya chakula cha usiku. Nilipiga magoti, nikasema yote, pamoja na ile karatasi ya maombi ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akauinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka mapajani pangu, akasema, "Nimekusikia. Haya, nikande." Chupa ya mafuta ilikuwa juu ya kabati, nami sikujua pa kuanzia, akanielekeza: kutoka begani, kushuka, kidole kimoja kimoja.

Amerudi Mwaloni. Haendi kila siku, na gunia hubebwa na kijana. Mwezi uliopita nilimsindikiza kununua kwa mchuuzi aliyetoka na mzigo Ukerewe. Alikunja mkono wa gauni, wa kushoto sasa, akaupenyeza mpaka katikati, akatulia, akautoa. Alimvunja mmoja kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kidogo kama mtu asiyeamua bado. Kisha akanigeuzia kiganja.

"Nusa na wewe," akasema.

Nikanusa. Nikachukua wengine watatu, nikawasugua, mchanga haukudondoka. Nikamwambia naona ni wazuri, lakini nikamwomba aingize mkono tena, upande wa pili.

Akauingiza.

"Shilingi ngapi?" akamwuliza mchuuzi.